Kitanda cha Zuhura na Taa za Masanja

Tangu nirudi, kila anayeleta kitambaa kushonwa anakalia benchi langu na kusema, "Haya Bi Tatu, tueleze. Ilikuwaje mpaka vyombo vya Zuhura vikaingia Ujiji usiku?" Naanza kusimulia, tunacheka, chai inaletwa, jua linazama, na mapazia ya watu yako vilevile. Kwa hiyo nimeandika. Anayetaka kujua asome. Anayetaka pazia aniache nishone.

Najua wengine mmeshasikia habari hii kwa wifi yangu Mwajuma. Hayo ya Mwajuma yawekeni kando kwanza.

Ipuli: vyombo vinazungushwa

Zuhura ni binti wa kaka yangu, na kwa kuwa sikujaliwa mtoto, ni binti yangu pia na hakuna anayebisha. Alichumbiwa na kijana wa Ujiji. Desturi yetu mnaijua: kabla ya ndoa, upande wa mwanamke hupeleka vyombo kwenye nyumba atakayoishi, kuanzia kitanda mpaka ufagio, na shangazi ndiye anayevisindikiza. Ndoa ilikuwa Jumamosi, hapa kwetu Ipuli, Tabora. Waoaji wangeondoka Ujiji Ijumaa alfajiri. Kwa hiyo vyombo vilitakiwa viwe vimeingia ndani Alhamisi.

Bi Chiku, mama wa bwana harusi, alikuwa ameshanipigia simu. "Msijitese na barabara, mwanangu. Visipowahi, kitanda changu cha zamani kipo. Nimeshakiingiza chumbani kwao."

Aliyasema kwa upole kabisa, na mimi nikakosa usingizi. Niwaambie kwa nini. Nilipoolewa, vyombo vyangu vilichelewa, mama mkwe akaniazima kitanda chake. Vyombo vilipofika alisema kile kilichopo kinatosha, vyangu vikauzwa kimoja kimoja. Miaka yote niliyokaa kwenye ndoa ile, mama yule aliingia chumbani kwangu bila hodi, asubuhi na jioni, akakaa miguuni pangu na kuanza mazungumzo. Ningemwambia nini? Mwenye kitanda habishi hodi. Nikaapa kwamba Zuhura hatalala kwenye kitanda cha kuazimwa hata usiku mmoja.

Gari tulilokodi lilikuwa lori la Masanja, kijana wa Kisukuma kutoka Igunga, mwenye adabu nyingi na akili ya taa. Wiki ile alikuwa amelipaka lori na tela rangi mpya ya kijani, akatoa taa zote za nyuma na kufunga taa za LED. Akanisalimu Kisukuma, akaniita nione. "Mwangaluka, shangazi. Hebu tazama." Akawasha. Nikadhani nimesimama mbele ya duka la simu. Pale Ipuli, kwenye uwanja wa fundi alipozifungia, zilikuwa hazina dosari.

Jumatano asubuhi tukapakia kitanda cha mninga, kabati, meza, magodoro na vyombo vya jikoni, tukaanza kuzunguka mjini na tarumbeta ili waliosema hatuna kitu waone. Taabu ikawa ni tela. Kila lori likivuta, pale linapoungana na tela chuma kiligonga chuma, kwa! kwa! kwa!, na nyimbo za kinamama hazikusikika. Wifi Mwajuma ndiye mwimbishaji, na sauti yake haipendi kushindana na chuma. Akasimamisha gari, akashuka na wenzake wawili, wakaingia katikati ya lori na tela, wakainama huko kidogo, wakatoka wakipangusa mikono. Kelele zikaisha. Kila mtu akampongeza.

Mimi sikuwa na nafasi ya kumpongeza, maana nilikuwa natafuta kanga. Nilikuwa na doti mpya, nimeikata na kuipinda kwa mkono wangu mwenyewe, niivae siku ya kuingiza vyombo. Kipande kimoja kipo, cha pili hakionekani. Nilipekua mabegi ya watu wazima. Nilimtuhumu mtu ambaye mpaka leo hanisalimii vizuri. Mwishowe nikapanda garini na kipande kimoja na hasira, na adhuhuri ilikuwa imeshapita.

Usoke: mtani

Kabla ya Usoke askari wa barabarani alitunyoshea mkono. Akazunguka nyuma, akamwambia Masanja awashe indiketa ya kulia. Kimya. Kisha nikamsikia anacheka.

"Dereva! Nimesema kulia. Kulia hakuna kitu, kushoto kunapepesa, na taa za breki zinawakawaka kama zinasinzia. Wewe unakwenda Urambo au unarudi Tabora?"

Masanja akakanyaga breki. Indiketa zote mbili za tela zikawaka kidogo, kwa unyonge. Akawasha za kushoto, tela zima likapepesa. Taa za lori lenyewe zilikuwa sawa. Za tela ndizo zilizoingiliwa na wazimu. Masanja alishuka, akazitazama kama mtu aliyetukanwa na mwanawe mbele ya wageni.

Askari aliponiuliza kwetu wapi nikamwambia Unyamwezini. Uso wake ukafunguka. "Kumbe mtani! Mimi Mzaramo. Basi nakamata kitanda hiki mpaka taa zipone, na leo nakilalia mwenyewe."

"Kilalie," nikamwambia. "Ila Mzaramo akilala kwenye mninga huota nazi zinamwangukia."

"Babu zenu walitembea njia hii na meno ya tembo kichwani, hawana taa, na hawakugongana. Nyie mna taa za rangi tatu mnataka kuua watu!" Akatumbukiza mkono kwenye bakuli langu la matobolwa, yale ya viazi vikavu niliyoyachemsha na karanga, akajaza kiganja bila kuomba, kama mtani anavyostahili.

Tulikuwa tunacheka hivyo nilipogeuka na kumwona Masanja yuko juu ya tela, anafungua kamba za kitanda, machozi yanamlenga.

"Masanja! Unafanya nini?"

"Si kimekamatwa, shangazi? Namshushia afande."

Nani angemwambia kijana wa Igunga kwamba Mnyamwezi na Mzaramo wakitukanana wamesalimiana? Yule askari alicheka mpaka akakalia jiwe. Lakini alipoinuka alikuwa askari tena. "Mama, utani pembeni. Mchana nendeni polepole mkatafute fundi. Jua likizama na taa hizi, msionekane barabarani. Mtu atawaparamia kwa nyuma."

Nikahesabu moyoni. Kama hatusafiri gizani, na Alhamisi tukipoteza muda tena, vyombo havifiki. Utamu wa matobolwa ukanitoka mdomoni.

Urambo: mteremkoni kwa Fundi Hamisi

Fundi Hamisi wa Urambo ni mtu wa maneno machache. Kiwanja chake kiko kwenye mteremko, wateja wake wengi huja na gari lisilowaka na huondoka kwa kusukumwa. Akatuelekeza tuegeshe pua ya lori chini, tela juu. Mimi nikawekwa nyuma kabisa nitaje kinachowaka.

"Kulia!"

"Kulia inawaka!" nikapaza sauti.

"Kushoto! Breki! Taa ndogo!"

Zote zikawaka, kila moja kwa zamu yake, safi kama Ipuli. Fundi Hamisi alinitazama kwa huruma anayopewa mtu aliyemleta hospitalini mtoto anayecheza. "Mama, taa zenu ni nzima kuliko mimi."

Tukamshukuru, tukaondoka. Hatukufika mbali, mwendesha baiskeli akatupungia. Taa zimelala. Tukarudi. Tukaegesha mteremkoni. Zikawaka zote.

Mara ya pili akabadilisha kile kidude kinachopigisha indiketa, kwa sababu, alisema, taa hizi mpya hula umeme kidogo na kidude cha zamani huchanganyikiwa. Zikawaka. Tukaenda. Zikalala. Mara ya tatu akasafisha plagi ya tela na kubadilisha fyuzi ambayo haikuwa mbovu. Zikawaka. Kufikia hapo watu walikuwa wamejaa, na kila mmoja ana tiba. Mmoja akasema betri. Mwingine akasema tela limepigwa kijicho, liondolewe mapambo. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kwa sauti ya chini kama bwana harusi ana mke mwingine, maana amewahi kuona gari linakataa hivyo.

Nilimfokea Fundi Hamisi, nakiri. Nilimwambia taa zinamwogopa yeye na kutudharau sisi. Hakukasirika. Akampa Masanja namba yake ya simu. "Zikilala tena msirudi. Tazameni nini kimebadilika tangu mlipotoka kwangu, kisha mnipigie. Mimi hapa naona taa nzima, siwezi kutibu gonjwa lisilonitembelea."

Jua lilituzamia Kaliua. Masanja akatafuta chumba, mimi nikabaki kulinda mzigo. Kitanda cha futi sita kilikuwa nyuma yangu na magodoro mapya juu yake, na mimi nikajikunja kwenye kiti cha lori magoti kidevuni, kwa sababu kitanda cha bibi harusi hakilaliwi. Simu ikaita. Bi Chiku. "Mmefika wapi? Kaliua? Aa, basi pumzikeni. Kile changu nimeshakitandika shuka."

Nguruka: nahongerwa

Asubuhi tukaingia Nguruka na njaa. Mama ntilie alitazama tela, akatazama kitanda, akanitazama mimi, akamtazama Masanja anayenifungulia mlango wa gari. Masanja anaweza kuwa mwanangu wa mwisho. Yule mama akapiga kigelegele.

"Hongera, bibi harusi! Umri si kitu, moyo ndio unaooa!"

Masanja akamwaga maji ya kunawa. Mimi nilifungua kinywa nimweleweshe, lakini nikaona sahani anayoniandalia: samaki mzima, mkubwa, kichwa upande huu na mkia upande ule, na ugali wa moto. Masanja alipata kipande. Nikafunga kinywa.

"Shangazi," akaninong'oneza, "mwambie."

"Nikishiba."

Tulipoondoka alitufunga karanga na kutuombea watoto.

Malagarasi: tunavuta, tunasukumwa

Barabara ya kushukia mto Malagarasi ilikuwa na vumbi, na nyuma yetu kulikuwa na lori tupu linalokwenda Uvinza kubeba chumvi. Masanja alikuwa ameacha indiketa zote zinawaka, akisema labda zitajirekebisha kwa kuona aibu. Tulipovuka daraja na kufika tambarare, lori lile likatupita, likasimama mbele yetu, dereva akashuka kwa ukali.

"Nyie mna nini? Mteremko wote mnapepesa vizuri, namfuata mtu ninayemwona. Kufika tambarare mnazima. Nusura niwaingie!"

Akaondoka na hasira zake. Masanja akaegemea usukani, akasema tumwombe Mungu. Mimi nikasema tumwombe, lakini kwanza tufikiri.

Mnajua cherehani yangu. Ikiruka mishono, msichana mgeni kazini hukimbilia kubadilisha sindano. Mimi huangalia uzi unavutwaje. Kuna kosa linalotokea uzi ukikazwa tu. Ukilegea, mshono unarudi mzuri na wewe unabaki unajilaumu. Nikamwambia Masanja, "Kwa Fundi Hamisi tulikuwa mteremkoni. Hapa darajani tulikuwa mteremkoni. Mteremkoni lori linafanya nini na tela?"

"Mteremkoni tela linatusukuma."

"Na tambarare?"

"Tunalivuta."

"Basi twende pale linapovutwa."

Tukashuka, tukainama katikati ya lori na tela, pale chuma kinaposhika chuma. Palijaa grisi nyeusi na vumbi jekundu. Nikaona kitu kimetokeza kama ulimi wa mbuzi. Nikakishika. Kitambaa. Nikakipangusa na kidole, nikaona pindo. Pindo la mkono wangu, uzi wangu, mshono wangu mdogomdogo ambao hakuna mwingine Tabora anaushona.

Sitaandika niliyoyasema. Masanja alirudi nyuma hatua kadhaa na kuvua kofia.

Wifi Mwajuma alikuwa ameikunja kanga yangu na kuishindilia pale, upande ule unaovutwa, ili chuma kisigonge na nyimbo zake zisikike. Masanja akampigia Fundi Hamisi, akaiweka simu kwenye spika ili nami nisikie. Tukamweleza tulichokiona.

"Umeme," akasema, "unakwenda kwenye taa kwa waya, lakini lazima uwe na njia ya kurudi. Hiyo ndiyo ethi. Angalieni kwenye tela, kuna waya mweusi unaning'inia?"

Masanja akachungulia. Upo.

"Aliyefunga hizo taa hakuurudisha mahali pake. Umeme ukawa unarudi kwa kupitia chuma kinachogusana na chuma. Sasa chuma chenu kimevalishwa nguo, utarudije? Unahangaika, unapita kwenye taa zisizo zake. Balbu za zamani zingezima tu, mngejua. Hizi za LED hazina njaa, hata makombo zinaridhika, ndiyo maana zinawaka ovyo. Toeni hiyo nguo. Kisha mkwangue rangi mpya pale kwenye chuma mpaka king'ae, mfunge huo waya kwa bolti."

Kutoa nguo kukawa kazi. Masanja akaleta kisu. Nikamwambia kabla ya kukata kanga yangu akate tela lake kwanza. Akarudisha lori nyuma kidogo kidogo, mimi nikivuta, "Bado! Bado! Legeza!", mpaka ikachomoka na mimi nikakaa chini kwa kishindo. Ilikuwa haifai kwa macho: grisi, vumbi, matundu mawili. Nikaikunja vizuri. Masanja akakwangua rangi yake ya kijani huku akiguna kama anakwangua ngozi yake, akafunga waya. Akawasha.

Tulikuwa tambarare kabisa. Kulia kukawaka kulia, kushoto kushoto, breki zikawaka nyekundu pyu. Nikampigia kigelegele peke yangu katikati ya barabara.

Uvinza: jua linatuacha

Lakini muda ulikuwa umekwisha. Jua lilizama Uvinza, na kama si kanga ile tungekuwa tumeshafika. Kwenye kizuizi askari mwingine alizunguka nyuma, akajaribu kila taa, akarudi akatikisa kichwa. "Taa nzuri. Nendeni." Masanja akajibu "Asante afande" kwa sauti ya mtu aliyetunukiwa nishani. Kwa mara ya kwanza tukasafiri gizani, na kila mteremko, kila tambarare, nilikuwa nachungulia nyuma kwenye kioo nikiona wekundu kwenye vumbi letu. Ile kwa! kwa! kwa! ya chuma ilikuwa imerudi. Sikuwahi kusikia muziki mzuri hivyo.

Ujiji: mlangoni kwa Bi Chiku

Ujiji tuliikuta imezama kwenye giza. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamesubiri tangu alasiri, wamechoka, na mlangoni alisimama Bi Chiku na taa ya simu mkononi. Mwanamke mrefu, mtulivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Lakini kwetu vyombo vya bibi harusi haviingizwi gizani. Watu hawavioni, na si heri. Viacheni kwenye gari. Kesho alfajiri sisi tunaondoka kuja kwenu, tukirudi na bibi harusi tutaangalia. Kwa sasa kile kitanda changu kipo."

Aliyasema kwa upole uleule. Nilijiona mimi, msichana, nimesimama kwenye mlango mwingine miaka mingi iliyopita, nasema ndiyo mama. Nilikuwa nimejifunga kanga yangu yenye grisi kiunoni, ile safi nimejitanda, na nafikiri nilitisha kidogo.

"Giza gani, mama?" nikamuuliza. "Masanja! Geuza gari!"

Masanja akashika usukani. Akageuza, akarudisha tela mpaka karibu na baraza, akawasha kila alichokuwa nacho. Ukuta ukawa mwekundu. Mlango ukawa mwekundu, na Bi Chiku, na kuku waliokuwa wamelala.

"Breki!" nikapiga kelele. Akakanyaga, mwanga ukaongezeka maradufu. "Na indiketa!"

Mtaa mzima ulitoka nje. Indiketa zikawa zinapiga tik, tik, tik, na bibi mmoja wa Ujiji akaanza wimbo kwa mwendo huohuo, wenzake wakapokea. Kitanda cha mninga kilishuka kwenye tela kwa nyimbo, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, na hakuna mtu wa mtaa ule anayeweza kusema hakukiona. Masanja alikaa na mguu kwenye breki mpaka ufagio wa mwisho ulipoingia, na kesho yake alikuwa anachechemea.

Ila mlango ni mmoja na chumba ni kimoja. Ili kile kiingie, kingine ilibidi kitoke. Nikawashika mkono vijana wawili, nikasema kwa heshima zote, "Kitanda cha mama kipelekeni chumbani kwake mama." Bi Chiku alinitazama. Nami nikamtazama. Akasogea mlangoni, akapisha.

Kurudi

Nilirudi na basi la waoaji. Ndoa mliiona wenyewe. Wifi Mwajuma nilimkabidhi kanga ile ya grisi mbele ya watu, nikamweleza safari yote, tangu Usoke mpaka Ujiji. Alisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza, akatazama matundu, akasema, "Lakini si nyimbo zilisikika, wifi?" Hatujamaliza hayo.

Wiki iliyopita Zuhura alinipigia. Tukaongea habari za dagaa, za mume, za joto. Nikajizuia kuuliza, nikashindwa.

"Mama mkwe anakujia asubuhi?"

"Kila siku, shangazi. Ananiletea chai."

Nilikuwa na kitambaa chini ya sindano, mguu ukasimama wenyewe.

"Ila anabisha hodi kwanza," akasema. "Hata mlango ukiwa wazi anasimama nje, anabisha. Kwa nini unalia, shangazi?"